Kupimwa ADHD kwa Pesa Yako: Uliza Mwisho Kabla ya Kulipa Mwanzo

Watu wanaonipigia simu kuhusu jambo hili karibu wote huanza na swali moja: kliniki gani ya binafsi ina bei nafuu? Nami huwarudishia swali: mwaka ujao, mwezi kama huu, dawa zako atakuwa anaziandika nani? Hapo simu hunyamaza.

Nazungumzia England, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko nilikoipita njia hii mwenyewe, nikiwa na miaka 38 na barua za benki zisizofunguliwa zikijaa mfuko wa Tesco. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. ADHD, kwa asiyeijua, ni hali ya ubongo inayoanza utotoni: umakini hauendi unakoutuma, mwili au mawazo hayatulii, na mkono hutenda kabla kichwa hakijaamua. Si uvivu, si jini, wala si akili ndogo. Dawa zake zipo, na wengi huwasaidia kweli. Kikwazo ni foleni. Katika maeneo mengi ya NHS, huduma ya afya ya umma, mtu mzima husubiri kwa miaka kabla ya kuonwa, ndipo watu wanapoamua kuingiza mkono mfukoni.

Sasa, tangazo la kliniki ya binafsi huonyesha bei ya kitu kimoja, lakini wewe unaingia kwenye vitu vitatu. Cha kwanza ni uchunguzi wenyewe, ambao bei yake huanzia pauni mia kadhaa na huweza kupita elfu moja. Cha pili ni kipindi cha kutafuta dozi, kinachochukua wiki kadhaa na mara nyingi miezi; kila miadi ina ada, kila cheti cha dawa kina ada, na dawa yenyewe unainunua kwa bei kamili. Cha tatu ni kukabidhiwa kwa GP, daktari wako wa mtaa, ili aendelee kukuandikia dawa kwa gharama ya NHS. Makubaliano haya huitwa shared care, yaani mtaalamu na daktari wa mtaa kumtunza mgonjwa mmoja kwa pamoja. Na hapa ndipo wengi hukwama, maana GP halazimiki kuyakubali. Akikataa, wewe na bili ya dawa mtaendelea kuishi pamoja.

Nilijifunza hili kwa pesa yangu. Kliniki ya kwanza niliyoiendea iliniambia madaktari wa mtaa "kwa kawaida hukubali". Wangu hakukubali. Alinionyesha barua waliyomtumia: kurasa mbili, hazikusema lolote kuhusu utoto wangu, presha yangu haikutajwa, na aliyesaini hakueleza taaluma yake. "Nikiandika dawa hii, jina langu ndilo litakuwa kwenye cheti," alisema. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Nilinunua dawa kwa pesa yangu kwa miezi saba.

Kwa hiyo anzia kwa GP, kabla ya kliniki yoyote. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo tu, ili jibu libaki kwenye kumbukumbu. Muulize kama kituo chake hukubali shared care kutoka kwa watoa huduma binafsi, kama wapo ambao hakiwakubali, na barua ya mtaalamu inapaswa kuwa na nini ndani. Ukishapata jibu, ndipo uangalie bei.

Na kabla ya kulipa hata senti, uliza kuhusu Right to Choose. Itaje kwa jina hilohilo la Kiingereza, maana mapokezi wanalijua hivyo. Ni haki ya kisheria ya mgonjwa wa England anayepewa rufaa na GP kuchagua ni wapi atapata miadi yake ya kwanza, na tangu 2014 inahusu pia huduma za afya ya akili. Baadhi ya kampuni binafsi zina mkataba na NHS, hivyo unahudumiwa na kampuni na serikali inalipa. Watu wengi wa kwetu hawajui njia hii ipo. Wamelipa elfu na ushei kwa kitu walichoweza kukipata kwa rufaa. Ila usidhani haina foleni. Uliza foleni mbili, si moja: ya kuchunguzwa ni miezi mingapi, na ya kuanza dawa baada ya hapo ni miezi mingapi? Wapo waliopimwa haraka kisha wakakaa na majibu mkononi muda mrefu wakingoja mtu wa kuwapangia dozi.

Ukiamua kulipa, ichunguze kliniki kama unavyomchunguza fundi kabla ya kumkabidhi funguo za nyumba. Mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unaojulikana kwa namba NG87, unasema ADHD itambuliwe na daktari bingwa wa akili, daktari bingwa wa watoto, au mtaalamu mwingine mwenye sifa na mafunzo ya kazi hiyo. Omba jina la atakayekuona. Kama ni daktari, litafute kwenye daftari la GMC. Kama ni muuguzi, NMC. Kama ni mfamasia, GPhC. Yote yako wazi mtandaoni bure. Kliniki yenyewe itafute kwa CQC, wakaguzi wa huduma za afya England. Mei 2023 kipindi cha Panorama cha BBC kilimtuma mwandishi kwenye kliniki tatu za binafsi. Zote zikamwambia ana ADHD baada ya mazungumzo ya mtandaoni, ilhali uchunguzi wa kina wa NHS ulisema hana. Wapo waliolalamika kwamba kipindi kile kiliwafanya wagonjwa wa kweli watiliwe shaka, na malalamiko yao yana uzito. Lakini tangu hapo madaktari wengi wa mtaa wanazisoma barua za kliniki kwa miwani. Kliniki nzuri itakutumia madodoso mapema, itataka kusikia kutoka kwa mtu aliyekujua ukiwa mdogo, itauliza kuhusu usingizi, wasiwasi, huzuni, pombe na mambo mazito uliyopitia, na itakuwa tayari kukuambia huna.

Hilo la utotoni ndilo linalotutesa sisi tuliokulia mbali. Vigezo vya DSM-5, kitabu cha uchunguzi kinachotumika sana, vinamtaka mtu mzima awe na dalili zisizopungua tano kati ya tisa katika angalau kundi moja, la kukosa umakini au la kutotulia na kutenda kwa pupa. Dalili kadhaa ziwe zilikuwapo kabla ya miaka 12. Na zionekane katika mazingira zaidi ya mamoja, tuseme nyumbani na kazini. Mwingereza atatoa ripoti za shule za miaka yote kutoka kwenye boksi darini. Zangu zililiwa na mchwa Tanga.

Basi nikampigia mama, na mara ya kwanza nikaharibu.

"Shikamoo mama. Madaktari wanauliza kama nilikuwa na tatizo la akili utotoni."

"Marahaba. Tatizo la akili? Nani kakwambia hivyo? Wewe ulikuwa mtoto mzuri tu. Kuna mtu kakufanyia kitu huko?"

Simu ikaishia kwenye dua. Wiki iliyofuata nilibadili mlango. Sikuuliza ugonjwa, niliuliza hadithi: "Mama, hivi nilikuwa natumika dukani mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. Nilitumwa mafuta ya taa nikarudi bila mafuta, bila chupa, na bila kukumbuka nilitumwa nini. Nilirudi shule na kandambili moja. "Moja! Nyingine kaibeba nani?" Mwalimu wa darasa la tatu alinihamishia dawati langu kando ya meza yake mwaka mzima. Nikaandika yote, pamoja na mwaka na darasa, na mama akaniruhusu kurekodi. Mtaalamu alipoyasoma alisema yalikuwa na faida kuliko ripoti ya shule.

Kwa hiyo usiwaulize wazazi kama ulikuwa na dalili. Waulize ulivyokuwa ukitumwa, ulivyokaa madrasa, mezani, kwenye foleni ya bomba, ulivyopoteza vitu, ulivyochapwa kwa sababu gani. Kama mzazi hayupo, kaka, dada au shangazi aliyekulea anatosha. Kama hazungumzi Kiingereza, iarifu kliniki mapema na uulize nani atalipa mkalimani. Mtu wa familia anayetafsiri huanza kurembesha bila kukusudia.

Na wewe mwenyewe usijirembeshe. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona linavyowaangusha watu wetu. Mtaalamu anauliza, "Unamudu vipi maisha?" na sisi tunajibu kama tulivyolelewa: tunamshukuru Mungu, tunaendelea. Yeye anaandika: hakuna shida kubwa. Shukuru Mungu, kisha umwambie kwamba umelipa faini ya gari mara nne kwa sababu hukufungua bahasha, kwamba umebadili kazi tano, kwamba mkeo ndiye anayekumbuka kila kitu na amechoka. Mweleze pia unatumia nguvu kiasi gani ili uonekane uko sawa: kengele 11 za simu, kufika uwanja wa ndege saa tano kabla. Lakini usibebe majibu uliyoyakariri kutoka TikTok. Mtaalamu mzoefu hayasikilizi majibu yako ya ndiyo na hapana, anasikiliza mifano.

Tuje kwenye dozi, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Kabla ya kidonge cha kwanza lazima upimwe presha, mapigo ya moyo na uzito, na uulizwe kuhusu moyo wako na wa ukoo. Kipimo cha umeme wa moyo si cha kila mtu. Kinahitajika kama kuna historia ya moyo, kuzimia wakati wa mazoezi, au ndugu wa karibu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Usiyafiche haya kwa kuogopa kunyimwa dawa. Taja pia kama umewahi kusikia sauti, kupandwa na furaha isiyo ya kawaida kwa siku kadhaa, au kutaka kujidhuru. Kliniki ikikuandikia dawa bila presha kwenye faili, ondoka.

Kwa watu wazima NICE inaanza na moja ya dawa mbili za kuchangamsha ubongo: methilifenideti, ambayo Concerta XL ni mojawapo, au lisdeksamfetamini, inayouzwa kwa jina la Elvanse. Zikikataa, ipo atomoksetini, ambayo si ya kundi hilo na hutaka wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Dozi hupandishwa ngazi kwa ngazi, kwa kawaida si chini ya wiki moja kila ngazi. Concerta XL kwa kawaida huanza miligramu 18, ikaenda 36, kisha 54. Elvanse ya mtu mzima huanza miligramu 30 na kikomo chake ni 70. Uzito wa mwili wa mtu mzima hauamui dozi ya Concerta wala Elvanse. Nimemwona jamaa mwenye kilo 110 akitosheka na kiasi kidogo kuliko mke wake mwembamba. Namba hizi nimeziandika ili uelewe mazungumzo na mtaalamu wako. Usizitumie kujipandishia mwenyewe.

Kosa kubwa ni kuihukumu dawa kwa siku ya kwanza. Siku ya kwanza wengine huosha nyumba nzima na kulia kwa furaha. Wengine hawahisi chochote. Yote mawili si ushahidi. Chagua mambo matatu yanayokushinda kila wiki, madogo na ya kuhesabika. Mimi nilichagua kufungua barua siku ileile, kumaliza ripoti moja kazini bila kuinuka, na kufika kwa wakati kumchukua mwanangu shuleni. Kila jioni niliandika mstari mmoja: saa niliyomeza, nimekula nini, presha na mapigo, usingizi wa jana, na alama ya yale matatu. Mashine ya presha ya mkononi utaipata kwa bei isiyozidi viatu vya shule vya mtoto, na itakuokolea safari nyingi, kwa sababu presha na mapigo hupimwa kabla na baada ya kila badiliko la dozi.

Dozi ya 30 ya Elvanse haikunifanyia kitu zaidi ya kunikausha mdomo. Ya 50 ikafungua bahasha. Nikataka 70, nikidhani kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi. Kwa wiki mbili nilifanya kazi kama askari wa gwaride: kila kitu kwa wakati, na sikucheka hata mara moja. Binti yangu akaniuliza, "Baba, umenikasirikia?" Nikampigia mtaalamu na akanirudisha 50. Ukianza kuwa mkavu, mwenye hasira au kama uko nyuma ya kioo, mara nyingi umeipita dozi yako. Waombe walio karibu nawe wakuambie. Wao huona kabla yako.

Njaa hukatika mchana, kwa hiyo kula kabla ya kumeza, na Medikinet XL, chapa nyingine ya methilifenideti, lazima imezwe pamoja na chakula. Usingizi ukiruka, angalia saa uliyomeza kabla ya kulaumu dozi. Ukisahau asubuhi na sasa ni alasiri, iache mpaka kesho, na usimeze mbili kulipia moja. Wengine dawa inapoisha jioni huporomoka kwa saa moja hivi, wakawa wakali au wachovu. Mweleze mtaalamu, kwani hilo linatibika kwa kubadili muda au aina. Wanawake wengi husema dawa hupungua nguvu siku za kukaribia hedhi, basi tarehe hizo nazo ziandikwe. Kahawa ipunguze katika wiki za kupandisha dozi, la sivyo hutajua moyo unaenda mbio kwa sababu ya nani. Na miraa, kwa wale wanaoijua: nchini Uingereza imepigwa marufuku tangu Juni 2014, lakini hata ukiwa likizo Mombasa usiichanganye na dawa hizi. Kilichomo ndani yake ni jamaa wa karibu wa amfetamini, na moyo haujui kipi kimetoka shambani na kipi famasi.

Maumivu ya kifua, kuzimia, mapigo yanayokwenda kwa kurukaruka, kusikia au kuona visivyokuwapo, au mawazo ya kujidhuru: hayo hayasubiri miadi. Tafuta msaada siku hiyohiyo, na kwa dharura piga 999.

Kwa wanaofunga Ramadhani, ongea na mtaalamu mwezi mmoja kabla. Dawa ya kudumu siku nzima wengi huimeza daku, lakini inakata njaa na kukausha mdomo, na kuihamishia futari ni kukesha. Kwa maoni yangu, Ramadhani si mwezi wa kuanza dawa wala wa kubadili dozi kama unaweza kungoja. Na kama mtaalamu atasema mwili wako hauwezi kufunga ukiwa kwenye dawa, mpelekee shehe swali hilo pamoja na maelezo ya daktari, usimpelekee hofu tu.

Dozi ikishatulia, omba barua ya kukabidhiwa na uisome kabla haijaenda kwa GP. Iwe na jina na taaluma ya aliyekupima, vigezo vilivyotumika, historia ya utotoni, jedwali la dozi pamoja na presha na uzito wa kila ngazi, jina la kibiashara la dawa, na nani atafanya mapitio ya kila mwaka, na kwa bei gani. Jina la kibiashara lina maana, kwa kuwa vidonge vya methilifenideti vya kutoa dawa polepole havitoi kwa mwendo mmoja. Famasi ikikubadilishia chapa, muulize mfamasia. Wakati wa uhaba wa dawa hizi uliotangazwa Septemba 2023, watu walibadilishiwa chapa na wakadhani wameanza kuugua upya. GP akikubali, kila dawa utakayoandikiwa na NHS England inalipiwa kwa kiwango kimoja, ambacho Mei 2024 kiliwekwa kuwa pauni 9.90.

Methilifenideti na lisdeksamfetamini ni dawa zinazodhibitiwa kisheria. Cheti chake kinaisha baada ya siku 28, kwa hiyo usikisahau mfukoni mwa koti, jambo ambalo mwenye ADHD ndiye hasa atakayelifanya. Kumpa ndugu kidonge kimoja "ajaribu" ni kosa la jinai, hata kama naye anangoja foleni. Kama hali yako au dawa inaathiri uendeshaji wako, lazima uwaarifu DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, na ukiwa barabarani beba kopi ya cheti.

Ukisafiri kwenda nyumbani, beba dawa kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi lenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa, dozi, kiasi ulichobeba na tarehe za safari. Kiasi cha miezi mitatu au zaidi kinahitaji leseni ya Home Office, wizara ya mambo ya ndani. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kukata tiketi, na kama utaingia Falme za Kiarabu, hata kwa siku mbili za madukani Dubai, omba kibali chao mtandaoni mapema. Kopi ya pili ya barua mwachie mtu huku England ambaye hupokea simu usiku.